Mchagua Jembe Ndiye Mkulima

Ipo methali moja ambayo sasa imenichosha: mchagua jembe si mkulima. Nimeisikia tangu utotoni, na nilipokuwa mwalimu mkuu niliwapigia wanafunzi walipolalamika kwamba majembe ya shamba la shule yalikuwa butu. Leo ninawaomba radhi wote. Methali hiyo inafaa kumsuta mvivu, lakini sisi tumeifanya ngao ya uzembe. Ushahidi wangu ni skrubu moja tu, ambayo urefu wake haufiki pingili ya kidole.

Skrubu hiyo ilikuwa ndani ya Land Rover yangu, Series III, ile fupi ya inchi 88. Magari ya toleo hilo yaliundwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Langu liliishi miaka mingi Bagamoyo mjini, likipigwa na upepo wa bahari, kabla halijaja kupumzika chini ya mwembe wangu hapa Vigwaza. Wanunuzi wa chuma chakavu wamenijia mara nyingi wakitaka kulikata vipande, nami nimewakatalia. Mwaka jana niliamua kulirudishia heshima yake ndani, nikaanza na viti, kisha sakafu. Ili kukiondoa kifuniko cha giaboksi kilichopo katikati ya viti, sharti ufungue safu nzima ya skrubu. Zote zilitoka isipokuwa moja.

Nikamwita kijana mmoja fundi wa kando ya barabara kuu ya Morogoro. Alichomeka bisibisi ya nyota aliyokuja nayo mfukoni, akaizungusha kwa nguvu zake zote, ikateleza. Akarudia, ikateleza tena. Mara ya tatu unga wa chuma ukamwagika, na msalaba wa kichwa cha skrubu ukaanza kugeuka tundu la mviringo. "Mzee, skrubu imekataa," akaniambia. Mpwa wangu, ambaye ana shahada ya chuo kikuu, alikuwa ameketi pembeni. Akashauri uletwe mtungi wa gesi tuichome moto, na ikizidi kukataa tuitoboe kwa drili. Nilipouliza kama hakuna bisibisi nyingine ya kujaribu, akacheka: "Mjomba, mchagua jembe si mkulima!"

Nikawasimamisha wote wawili. Katika Land Rover hii fupi, tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele cha kulia, yaani chini ya makalio ya dereva wa nchi zetu. Kiti tulikwisha kukiondoa, na tangi lilikuwa pale pale, halifiki hata urefu wa mkono kutoka kwenye skrubu. Tangi linaloonekana tupu hubaki na mvuke wa petroli, na huo mvuke ndio unaolipuka. Mmoja alikuwa na nguvu, mwingine alikuwa na shahada, na kwa pamoja walikuwa tayari kutuunguza sote watatu kwa ajili ya kipande cha chuma chenye bei ya peremende.

Ndugu msomaji, tulitafakari neno hilo "imekataa". Skrubu haina matakwa. Haiwezi kukubali wala kukataa. Iliyokuwa mbele yetu ilikuwa na shida mbili tu, na zote zina maelezo.

Shida ya kwanza ni bisibisi yenyewe. Wengi wetu hudhani kila bisibisi ya nyota ni ile ile. La hasha. Nyota iitwayo Phillips ilipata hataza Marekani mwaka 1936. Mbawa zake zimechongwa kwa mteremko, na kwa sababu hiyo ukiizungusha kwa nguvu nyingi hupanda juu na kutoka. Katika miaka ya 1960 ikaja nyota nyingine iitwayo Pozidriv. Hii mbawa zake zimesimama wima zaidi ili zishike bila kuteleza, na Waingereza waliitumia sana katika magari yao. Wajapani nao wana nyota ya kwao. Kuitambua Pozidriv si kazi ngumu: tazama kichwa cha skrubu, na ukiona vistari vinne vyembamba vimechorwa baina ya mikono ya msalaba, umeipata. Nilichukua pini na mswaki mkuukuu, nikasugua matope na rangi, na vistari hivyo vikajitokeza. Bisibisi ya kijana ilikuwa Phillips. Angeweza kusukuma mpaka jua lizame, asingeambulia ila kukila kichwa.

Shida ya pili ni kutu. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, na skrubu ni ya chuma. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu wa chumvi, aluminiamu huliwa, hugeuka unga mweupe, na unga huo huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyokuwapo. Basi huikaba skrubu kama kabari.

Tulifanya hivi. Tulifungua tangi, tukalipeleka mbali. Nikamwendea jirani yangu seremala, nikaazima bisibisi ya Pozidriv namba 2, kwani skrubu nyingi za mbao nazo ni za aina hiyo. Tukadondoshea skrubu mafuta mepesi ya kupenya kutu, tukaiacha usiku kucha. Asubuhi tulisimamisha bisibisi wima, tukaigonga kichwani kwa nyundo mara kadhaa, si kwa hasira, bali kwa kiasi cha kuitikisa kutu. Tukapangusa mafuta yote, kisha tukaegemeza pasi ya kulehemu, iliyopata moto, juu ya kichwa cha skrubu kwa dakika chache, tukaiacha ipoe. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na tofauti hiyo huvunja mshiko. Kwa kuwa kichwa kilikwisha kuumizwa, tulipaka ncha ya bisibisi rojo ya kusagia vali, ambayo chembechembe zake huongeza mng'ato. Mwisho tulianza kwa kuikaza kidogo, sio kuilegeza. Ikalia kidogo. Tukairudisha upande wa kulegeza, ikatoka.

Simaanishi kwamba drili ni haramu. Kichwa kikiisha kabisa, kuna kukichonga mfereji kwa msumeno wa chuma na kutumia bisibisi bapa, na hilo likishindikana ndipo utoboe, baada ya kujua kilichopo chini yake. Ninachopinga ni kuanzia mwisho.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu na methali yake. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba andalio la somo lisilotaja zana za kufundishia halijakamilika. Hakuna mkufunzi aliyetuambia kwamba mchagua zana si mwalimu. Kwa nini, basi, tunapovuka kutoka darasani kwenda gereji, uchaguzi wa zana unakuwa uvivu na matumizi ya nguvu yanakuwa bidii? Ni kwa sababu ndani ya mioyo yetu tunaamini kwamba kazi ya mikono haihitaji akili.

Imani hiyo haijafa. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilipigana nayo. Mitaala iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeweka mkondo wa amali katika shule za sekondari, na tayari nimewasikia wazazi wenzangu wakisema mkondo huo ni wa watoto wenye vichwa vigumu. Nami sina haki ya kuwacheka. Nikiwa mwalimu mkuu, nimeandika "ana kichwa kigumu" katika ripoti za watoto ambao sikuwahi hata kusugua matope nione msalaba wao ni wa aina gani. Wengine niliwapoteza hivyo.

Mtoto anayejua kutofautisha Phillips na Pozidriv, anayejua kwa nini aluminiamu humkaba chuma, na anayekumbuka tangi la petroli kabla ya kuwasha moto, huyo amesoma fizikia na kemia. Tusimpeleke kwenye amali kwa sababu ameshindwa. Tumpeleke kwa sababu anaweza.

Yule kijana fundi siku hizi hutembea na bisibisi za nyota za aina mbili. Mpwa wangu bado anaitaja methali yake. Skrubu ile nimeirudisha mahali pake ikiwa imepakwa grisi, ili atakayeifungua baada yangu asije akasema imekataa.