Mwezi Hauchorwi
Ati simu yako inapiga picha ya mwezi hadi mashimo yanaonekana? Nani kakudanganya? Mwaka 2023 Samsung yenyewe ilieleza kwamba kamera yake ikitambua mwezi, akili unde huongeza undani. Hapo nusu ni picha, nusu ni mchoro. Na sisi huku Pwani bado twangoja shahidi aseme ameuona mwezi mwandamo ndipo tufunge au tufungue. Kesho akileta picha iliyorembwa, tumwamini nani: jicho lake au kiwanda? Zima hiyo kitu. Egemeza simu ukutani, punguza mwanga, piga. Zuhura itatoka kitone, Mshtarii kitone kingine. Sawa tu! Kitone hicho umekiona wewe, hujachorewa na mtu.