Nuru ya Leza kwa Meno ya Watoto: Ni Msaada, Si Badala ya Ganzi



Katika nyumba zetu nyingi daktari wa meno amefanywa kuwa zimwi. "Ukifanya utundu nitakupeleka ukadungwe sindano ya fizi!" Mtoto hulishika neno hilo. Siku jino linapomuuma kweli, huficha maumivu yake mpaka shavu livimbe. Na hili si jambo la watoto wachache. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa watoto milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza.

Siku hizi baadhi ya madaktari wa meno wanatumia tiba ya nuru ili kuwapunguzia watoto maumivu. Kifaa kidogo cha leza yenye nguvu ndogo huelekezwa kwenye fizi kwa muda mfupi, aghlabu kabla ya sindano au baada ya kung'oa jino. Nuru yake ni nyekundu, au ni ile ya infraredi isiyoonekana kwa macho. Haikati wala haiunguzi. Tusiichanganye na taa ya buluu ambayo daktari huitumia kukaushia dawa ya kuzibia jino. Hiyo ina kazi nyingine kabisa.

Asili yake ni Hungary. Mwaka 1967, daktari Endre Mester wa Budapest alimulika panya kwa leza dhaifu akaona manyoya yao yakiota upesi zaidi. Tangu hapo wataalamu wamejifunza kwamba nuru ya aina hii hufyonzwa na seli, ikasaidia kupunguza uvimbe na kuharakisha kupona. Leo hutumika kuzuia vidonda vya kinywa kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani.

Je, kwa mtoto anayetibiwa jino? Watafiti wa Uturuki, Iran, Brazil na kwingineko wameijaribu. Katika baadhi ya majaribio maumivu ya watoto yalipungua walipochomwa sindano. Katika mengine haikuonekana tofauti. Vipimo vya nuru navyo vimetofautiana. Kwa hiyo hatuwezi kuikataa, wala hatuwezi kuiita muujiza.

Rai yetu ni hii: nuru na ije, lakini isichukue nafasi ya ganzi. Akitokea mtu akakwambia kwamba leza yake dhaifu yatosha kumng'oa mtoto gego bila sindano ya ganzi, mchukue mwanao uondoke. Dawa ya ganzi ya lidokeini imetumika tangu 1948 na kazi yake inajulikana. Vilevile, kukosekana kwa kifaa hicho kusiwe kisingizio cha kumshika mtoto mikono na miguu huku akipiga kelele. Daktari anaweza kupaka jeli ya ganzi kwenye fizi iliyokaushwa, akangoja dakika moja au mbili, kisha akasukuma dawa polepole huku akizungumza naye. Hayo hayahitaji mashine ya bei ghali.

Mzazi ana haki ya kuuliza. Kifaa hiki ni cha nini? Ganzi itatumika pia? Mtoto atavaa miwani ya kukinga macho? Gharama yake ni kiasi gani? Daktari mwema hakasiriki kwa maswali.

Nasi nyumbani tuna wajibu wetu. Tuache kuwatisha watoto kwa sindano. Tuwapeleke kukaguliwa meno kabla hayajauma, tuwapunguzie peremende na soda, na tuwasimamie kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi.

Watoto ni amana mikononi mwetu. Maumivu yao yasionekane madogo kwa sababu tu wao ni wadogo.