Mgombea Wetu Asitoke Hotelini wala Sakristia

Wandugu wafanyakazi wa shaba na wa umeme, na ninyi wandugu wa mji,

Katika mikutano ya sehemu zetu, toka Mwadingusha mpaka Likasi, limeingia neno ambalo hatuwezi kulinyamazia. Wako wakubwa katika chama chetu wanaosema kwamba kwa uchaguzi wa raisi unaotakiwa mwaka 2028 tusijisumbue. Jina la mgombea litatoka juu. Tutaletewa siku ya Jumapili, litaombewa kanisani, nasi tutapiga makofi na kwenda nyumbani kula. Tunawajibu hapa, katika gazeti la chama chenyewe, bila kujificha: hapana.

Sisi tunaokaa karibu na maji ya Lufira tunajua jambo moja. Mgeni akifika Mwadingusha hutazama mashini zinavyozunguka, akastaajabu. Lakini mashini haiamui kitu. Anayeamua ni yule anayefungua na kufunga mlango wa maji kule juu. Uchaguzi wa inchi yetu ni vivyo hivyo. Siku ya kura tunatazama foleni na masanduku, kumbe maji yalikwisha kugawanywa zamani, siku ile watu wachache walipokaa chumbani na kupatana nani awe mgombea.

Haikuwa hivyo sana hapo kwanza. Katiba ya 2006 ilitaka raisi apate zaidi ya nusu ya kura. Asipopata, wawili wa mbele warudi mbele ya watu mara ya pili. Tena sheria ya uchaguzi ya mwaka ule iliwataka wawili hao wabishane taifa zima likisikia. Kabila na Bemba walifika mara ya pili, lakini mabishano yenyewe hatukuyasikia, hayakufanyika. Halafu Januari 2011 katiba ikageuzwa, duru ya pili ikafutwa. Tangu hapo anayetangulia hata kwa kura moja ndiye raisi. Tazameni matunda yake: Januari 2019 Tume ya Uchaguzi ilimtangaza mshindi kwa kura 38.57 kwa mia. Kwa hesabu ya Tume yenyewe, watu sita katika kumi walikuwa wameandika jina lingine. Basi, penye duru moja, upande unaogawanyika umeshindwa kabla ya kura, na kazi ya kuchagua mgombea mmoja imekuwa ndiyo uchaguzi wenyewe. Na kazi hiyo ndiyo wanayotaka tusiiguse!

Wandugu, kumbukeni Geneva. Novemba 2018 wakubwa saba wa upinzani walikutana kule Uswisi, wakisaidiwa na shirika lenye jina la marehemu Kofi Annan. Watatu kati yao, Katumbi, Bemba na Muzito, hawakuwa katika orodha ya wagombea. Wanne walikuwa wagombea: Tshisekedi, Kamerhe, Fayulu na Matungulu. Tarehe 11 wakapiga kura wao kwa wao, na jina likatoka: Martin Fayulu. Wote walitia sahihi. Kesho yake, tarehe 12, wanachama wa UDPS walikuwa wamejaa kwa hasira mbele ya makao yao Limete, na Tshisekedi akaondoa sahihi yake. Kamerhe akafanya vilevile. Kabla ya mwezi kwisha wawili hao wakapatana Nairobi kufanya umoja wao. Mapatano ya Geneva hayakufikisha siku mbili.

Wengi waliwalaumu wawili hao kwa kuvunja neno. Sisi lawama yetu ni nyingine. Nani alikuwa amewauliza wale wa Limete? Na wale wa Fayulu, nani aliwauliza? Na sisi wa Likasi je? Kura saba kwa watu milioni nyingi! Asiyeulizwa hafungwi na jibu. Karani yeyote wa kampani anajua kwamba karatasi ikitiwa sahihi na mtu asiye na mamlaka ya hesabu ile, malipo hayatoki hata wino ukiwa mzuri namna gani.

Mwaka 2023 wakarudi njia ileile. Majina 26 yalikubaliwa kwa kiti cha raisi, na Novemba wajumbe wa baadhi ya wagombea wakaenda Pretoria kutafuta jina moja. Matata Ponyo akamwachia Katumbi. Fayulu na Mukwege wakabaki kila mtu na njia yake. Desemba Tume ikatangaza Tshisekedi kura 73 kwa mia na zaidi, Katumbi 18. Hatusemi jina moja lingegeuza hesabu hiyo. Namna kura ile ilivyopigwa na kuhesabiwa ni kesi nyingine, na tumeilalamikia. Tunasema tu kwamba mara mbili jina letu limetafutwa ng'ambo, na mara mbili limerudi limevunjika. Halafu tunaambiwa chama hakina franka za kuwapigisha kura wanachama wake. Tiketi ya ndege ya kwenda Geneva ni franka ngapi?

Wanaopenda kulinganisha watazame Tanzania. Mwaka 2015 wana-CCM 38 walirudisha fomu za kuomba kugombea uraisi. Kamati ikafunga mlango na kuacha watano, wakapunguzwa wakawa watatu, ndipo mkutano mkuu wa Dodoma ukapiga kura na Magufuli akapita. Lowassa, aliyekatwa nyuma ya mlango, akahamia Chadema na kugombea kwa upande ule. Kura ya mkutano mkuu ilihesabiwa na watu wakaikubali. Kilicholeta maneno ni ule mlango uliofungwa kabla yake.

Sasa tuje kwenye sakristia, maana hapa ndipo wengi wanaogopa kusema.

Sisi tunaoandika ukurasa huu tulifundishwa kusoma na mapadri wa misioni. Hatuna uchungu nao. Tena tunawashukuru maaskofu kwa kazi waliyoifanya kwa mikono: Desemba 2018 waliweka mashahidi wapata 40,000 katika vyumba vya kura, na tarehe 3 Januari 2019 wakasema mbele ya wote kwamba hesabu walizokusanya zinaonyesha nani ameshinda. Tume ilipotangaza siku saba baadaye, wakasema matokeo yale hayalingani na hesabu zao. Hawakutuambia Mungu anamtaka nani. Walihesabu karatasi. Hiyo ndiyo kazi tunayoitaka kwa kanisa: kuwa shahidi, mwenye macho mawili na kalamu.

Lakini kuwa shahidi si kumtaja mgombea. Sheria yetu inawapa madhehebu manane kazi ya kupeleka jina la mkubwa wa Tume ya Uchaguzi: Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu, Waislamu, Waortodoksi, Jeshi la Wokovu, makanisa ya uamsho na makanisa ya kujitegemea. Mwaka 2021 walikaa kuchagua jina moja. Sita wakamtaka Denis Kadima. Wakatoliki na Waprotestanti wakakataa. Wakarushiana maneno mazito wiki nyingi, na Oktoba bunge likampitisha Kadima huku makanisa mawili makubwa yakiwa nje. Hayo yalikuwa ni jina la msimamizi wa kura tu! Tukiwapa na jina la mgombea, je, Mkatoliki wa kambi yetu na jirani yake wa kanisa la uamsho watakutana wapi tena ila kwenye ngumi?

Tena ubatizo haujawahi kutuokoa na ugomvi wa siasa hapa Katanga. Tshombe wa Conakat na Sendwe wa Balubakat walikuwa wote wana wa shule za misioni ya Waprotestanti. Waliimba nyimbo zilezile. Je, jambo hilo lilizuia damu? Kilichoharibu mwaka 1960 kilikuwa kanuni. Conakat ilikuwa na viti 25 katika 60, na sheria ilitaka theluthi mbili za wajumbe wawepo ndipo serikali ya jimbo ichaguliwe. Balubakat wakatoka nje kusudi hesabu isitimie. Basi bunge la Ubelgiji likaigeuza kanuni katikati ya Juni, kura zikiwa zimekwisha kupigwa, ili Tshombe apite. Tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga. Wazee wetu waliokaa kambini wakati ule wanajua yaliyofuata, na hawapendi kuyasimulia.

Kwa hiyo hatumwulizi mgombea anasali wapi. Hatumwulizi kabila lake, wala hatutaki kusikia tena ule wimbo ulioletwa bungeni mwaka 2021, wa kutaka raisi awe Mkongo wa baba na wa mama. Tunamwuliza mambo mengine, na tunataka ayajibu akiwa amesimama, mbele yetu, wenzake wanaotaka kiti hicho wakimsikia na kumkatiza.

Tutamwuliza hivi. Sheria ya madini iliyogeuzwa mwaka 2018 inagawa redevansi kwa namna inayojulikana: katika franka mia, 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji au sekta yenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zile 15 zinaandikwa katika kitabu gani, na mwananchi anaruhusiwa kukifungua saa ngapi? Zile 10 za watoto wetu zimelala wapi? Tena: mashini sita za Mwadingusha zilitengenezwa upya kwa fedha za Ivanhoe Mines pamoja na SNEL, zikarudi kazini mwaka 2021 kwa nguvu ya megawati 78, kusudi mgodi wa Kamoa-Kakula, kule karibu na Kolwezi, upate umeme. Vizuri; mgodi bila umeme ni shimo. Lakini mgombea atuambie nyumba iliyo chini ya waya itawashwa mwaka gani, na kwa bei gani. Asituambie "Mungu atasaidia". Tunajua kwamba atasaidia. Tunauliza yeye atafanya nini.

Wanasema mabishano ya wazi yatamfurahisha adui. Basi adui alifurahi kiasi gani tarehe 12 Novemba 2018? Ugomvi wa kabla ya kuchagua unakwisha kwa kuhesabu. Ugomvi wa baada ya kuchagua hauna mwisho, na sisi ndio tunaoulipia.

Tunalotaka si jambo gumu. Kila mwenye kadi ya mwaka mmoja apige kura katika sehemu yake mwenyewe. Kanuni ziandikwe na kubandikwa ukutani kabla majina hayajajulikana, maana kanuni iliyoandikwa baada ya jina ni nguo iliyoshonewa mtu mmoja. Wanaotaka kiti watie sahihi ya kukubali kushindwa mbele ya kura, si nyuma yake, na watie mbele ya wanachama. Waje Likasi, na Kolwezi, na Lubumbashi, waseme kwa Kiswahili chetu, na aanze kuwauliza mama wa soko au mchimbaji wa mikono. Makarani tunaweza kungoja. Kura zihesabiwe chumba kilekile zilimopigwa, kila sehemu ibaki na nakala. Padri, mchungaji na shehe wakaribishwe kukaa mbele wakaandike hesabu zao. Wakitaka kupiga kura, walete kadi kama sisi.

Mkutano wa sehemu ya Mwadingusha utakuwa Jumapili ya pili ya mwezi ujao, saa nane mchana, misa na ibada zote zikiwa zimekwisha. Hautafanyika katika jumba la kanisa, ingawa tumepewa ruhusa, utafanyika sokoni. Azimio la kukataa jina la kuletewa litasomwa na kupigiwa kura kwa mikono. Wenye kadi waje nazo. Na wakubwa waliosema tusijisumbue, tumewatengea viti.