Baraka isingoje takataka ziwe mlima

Jumamosi tarehe 10 Agosti 2024, jalala la Kiteezi, pembeni ya mji wa Kampala nchini Uganda, liliporomoka baada ya mvua kubwa na kufunika nyumba pamoja na watu waliokuwa ndani. Waliokufa ni zaidi ya 30. Jalala hilo lilifunguliwa mwaka 1996, na wakubwa wa mji walijua mapema kwamba limejaa. Magari yaliendelea kumwaga.

Baraka si Kampala, ni kweli. Ndiyo maana neno hili lisemwe sasa, wakati rundo bado linaweza kuhamishwa kwa koleo na toroli.

Takataka zikirundikwa ovyo, maji ya mvua yanaingia ndani na kubaki humo. Rundo linakuwa zito, chini kunateleza, na kama ubavu wake umesimama wima, siku moja unaachia. Kuna dalili: nyufa juu, ubavu unaovimba, maji meusi yanayochuruzika chini. Zikionekana, watu wahame kwanza, mkutano ufanyike baadaye.

Fizi haihitaji kufundishwa namna mvua inavyoua. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 2025, maji, tope na mawe yalishukia kijiji cha Kasaba, sekta ya Ngandja, watu wakiwa wamelala.

Familia inayokimbia vita haichagui kiwanja. Inapata pale ambapo wenyeji hawakutaka kujenga: ukingo wa mto, chini ya mteremko, karibu na uchafu. Baada ya msiba wa Kiteezi, Rais Museveni aliuliza nani aliruhusu watu kuishi pale. Swali zuri, ila liliulizwa baada ya watu kufa.

Kazi yenyewe si ya maajabu. Meri itenge pahali tambarare, mbali na mito na ziwa, ichimbe mitaro ya maji, takataka zishindiliwe na kufunikwa udongo, na pasiwe na bashi hata moja karibu. Maganda ya muhogo na ya ndizi yaende shambani kuwa mbolea. Hayo peke yake yatapunguza rundo sana. Na mama muuza samaki anayelipa kodi ya soko ana haki ya kuuliza takataka za soko hilo zinamwagwa wapi, na nani analala chini yake.