Mtoto Atembeaye kwa Ncha za Vidole



Tumepokea barua ya mama mmoja wa Mambrui. Mwanawe wa kiume, aliyetimiza miaka mitatu na nusu, hutembea kwa ncha za vidole, visigino vikiwa juu. Bibi yake mtoto asema ni mchezo, utamtoka. Shangazi amekwisha kuleta kombe mara mbili. Jirani amshauri mama amvishe mtoto viatu vizito. Mama atuuliza amsikilize nani.

Tuanze na bibi, kwani ana sehemu kubwa ya haki. Watoto wengi, baada ya kusimama dede na kushika mwendo, hupita kipindi cha kunyanyua visigino, kisha hukiacha wenyewe kati ya mwaka wa pili na wa tatu. Lakini mtoto huyu amekwisha kuvuka mitatu, na hapo ndipo tunapoachana na bibi kwa heshima. Misuli ya shavu la mguu ikizoea kukaa imejikunja, kano ya kisigino yaweza kufupika. Ikifika hapo, mtoto hata akitaka kukanyaga bapa hawezi. Jambo lililokuwa la mazoezi ya nyumbani huwa la plasta, na pengine la kisu.

Kwa hiyo mama atazame kwanza, na sisi wa pwani tuna ubao wa kuandikia usio na gharama. Maji yakipwa, mpeleke mtoto kwenye mchanga uliolowa, umwache atembee bila kumwambia lolote, kisha usome nyayo zake. Je, alama ya kisigino ipo? Ipo kwa miguu yote miwili? Nyumbani, mtazame achutamapo chooni: visigino vinafika chini, au huanguka nyuma? Mwisho, mlaze chali goti likiwa limenyooka, uusukume wayo taratibu kuelekea ugoko. Wayo ukipita kidogo pembe mraba, kano ingali laini. Ukigoma kabla ya hapo, usilazimishe, mpeleke hospitali.

Zipo dalili nyingine zisizongoja. Mtoto anyanyuaye kisigino cha mguu mmoja tu. Mtoto aliyekuwa akitembea vizuri, kisha akaanza kunyanyua visigino. Mtoto aliyezaliwa asilie, au aliyepata manjano makali siku za mwanzo, na sasa miguu yake imekakamaa. Huenda ubongo uliumia wakati ule. Mvulana aangukaye mara kwa mara, mwenye mashavu ya miguu yaliyojaa kupita kiasi, ambaye akiinuka kutoka sakafuni hujikwea kwa mikono juu ya mapaja yake. Hayo yaweza kuwa maradhi ya misuli yaitwayo kwa jina la Duchenne, daktari Mfaransa wa karne ya 19. Na mtoto ambaye pamoja na mwendo huo hasemi, haitiki jina lake, wala hatazami watu usoni, achunguzwe usonji. Mwendo wa ncha peke yake si usonji. Tunalisema hili kwa sababu tumeona mama wakikosa usingizi bure.

Dalili hizo zisipokuwepo, na daktari asipoona sababu, mwendo huo huitwa mazoea tu, na tiba yake ni subira yenye kazi. Mnyooshe mtoto shavu la mguu kila siku kwa upole, kama tulivyoeleza, kila mguu mara kadhaa. Mpandishe vilima vya mchanga. Mfundishe kutembea kwa visigino kama bata. Atacheka, naye atakuwa anafanya mazoezi. Vigari vya magurudumu vya kufundishia watoto kutembea tunashauri viachwe, kwani mtoto husukuma sakafu kwa vidole, na huanguka navyo vibaya; Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004. Viatu vizito vya jirani havinyooshi kano. Kano iliyoanza kukaza hufungwa plasta, ikibadilishwa kila baada ya wiki moja au mbili, kisha huvaliwa kifaa cha kushika kifundo. Upasuaji wa kurefusha kano ni wa wachache, aghalabu waliochelewa.

Kombe na dua hatuvikatazi, na Mtume wetu (s.a.w.) ndiye aliyetuhimiza kujitibu. Tunalokataza ni kumgombeza mtoto, kumwambia anaringa. Akikumbushwa hushusha visigino, baada ya dakika mbili vimepanda tena. Huo si ukaidi. Mwili wake umezoea.

Tena kwetu hakuna sababu ya kudhani elimu hii iko mbali. Kilifi, ambako watafiti wa KEMRI wameweka kituo tangu 1989, ndiko kulikotungwa kipimo cha makuzi ya watoto wadogo kibebacho jina la mji huo.

Basi dada yetu wa Mambrui, mpeleke mwanao hospitali ya Malindi, uulize siku ya kliniki ya mazoezi ya viungo. Chukua kijitabu chake cha kliniki, chenye habari za kuzaliwa kwake. Chukua na ndara zake kuukuu, wakaone zimelika wapi. Mpige picha ya video kwa simu akiwa anacheza na hajui, kwa maana mbele ya daktari watoto hawa hutembea kama askari wa gwaride. Na bibi yake, akikubali, nenda naye.