Kabla ya Kulipia Mashine ya Nyasi, Uliza Bei ya Betri

Mvua ya Machi ikianza, matangazo ya mashine za betri za kukata nyasi hujaa kwenye simu. Hazina waya wa kuburuta, hazili petroli, hazimwamshi jirani. Kwa kiwanja kidogo cha mbele ya nyumba, sisi tunaona ni kitu kizuri. (Kama ni vipande viwili tu kando ya geti, mwite kijana wa slasha, hiyo pesa ifanye kazi nyingine.) Lakini ile bei ya chini isome mara mbili. Mara nyingi ni ya mashine tupu. Betri na chaja zinauzwa kando, na ukijumlisha, ofa imeisha.

Kwa hivyo muulize muuzaji kwanza betri ya akiba ni pesa ngapi, na kama iko dukani leo. Kwa kawaida betri huchoka kabla ya mota. Ikikosekana hapa Kenya, umenunua pambo la stoo. Kisha zidisha volti kwa ampea-saa zilizoandikwa juu yake. Ya volti 36 na ampea-saa 4 ina wati-saa 144. Ya volti 18 na ampea-saa hizo hizo 4 ina 72 tu. Nyasi za Kikuyu, zile zinazoshikana kama mkeka, hunyonya chaji haraka, na zikilowa ndio mbaya zaidi. Una drili ya betri nyumbani? Angalia kama kampuni hiyo ina mashine ya nyasi inayotumia betri ile ile. Hapo mashine tupu ina maana.

Na ukiletewa na ndugu kutoka Marekani, soma chaja. Ikiwa imeandikwa 120V pekee, usiichomeke kwa soketi zetu za 240V.

Sasa pesa zenyewe. Muuzaji wa mtandaoni akisema, "Tuma deposti kwa namba yangu, till iko na shida," sisi tungekataa. Lipa mashine ikiwa mbele yako, imewashwa na umeona kisu kikizunguka. Lipa kwa till, na usithibitishe kabla ya kusoma jina linalotokea: liwe la duka unalolijua, si la mtu baki. Ule ujumbe wa malipo usiufute. Uweke pamoja na risiti, kwa sababu betri ikifa miezi minane baadaye na duka lianze kubisha kuhusu waranti, tarehe na kiasi ulicholipa viko pale.