Kumpata Fundi Rangi Mwaminifu

Sikukuu zinapokaribia wengi wetu hutazama kuta za sebule na kuona aibu. Ndipo tunapoanza kutafuta fundi rangi kwa haraka, na haraka hiyo ndiyo hutuponza.

Sisi tulijifunza kwa uchungu. Wiki mbili kabla ya Krismasi tulimkabidhi fundi mpita njia fedha yote, ya rangi na ya kazi. Alileta ndoo iliyokwisha kufunguliwa. Kuta zilipendeza siku ya sikukuu, lakini masika yalipoingia rangi ilibanduka kama maganda ya kitunguu. Fundi hakuonekana tena. Fedha ile ilikuwa ya sare za shule za watoto, na kwa siku nyingi mume na mke tulilaumiana.

Tangu hapo tumejiwekea utaratibu. Kwanza, tunaomba kuonyeshwa nyumba ambayo fundi aliipaka mwaka mmoja uliopita, si ya juzi. Tunapitisha kiganja ukutani: kikitoka na unga mweupe, tunaaga. Kisha tunamwuliza mama mwenye nyumba kama fundi alimaliza kwa wakati.

Pili, tunapiga hesabu, kama yule mjenzi wa mnara katika Luka 14. Lita moja ya rangi ya maji hupaka karibu mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kuta za kimo cha mita 2.7, kikitolewa mlango na madirisha hubaki na kama mita 34 za mraba. Kwa mikono miwili, lita 7 zatosha. Fundi akitaja lita 20, na aeleze. Rangi tunainunua wenyewe, na ndoo hufunguliwa mbele yetu, maana wako wanaozidisha maji ili wabaki na rangi ya kuuza.

Tatu, ukuta uwe mkavu. Plasta mpya huachwa takribani wiki nne kwanza. Fundi mzuri husema, "Mama, tusubiri," hata kama kusubiri kunamchelewesha ujira wake.

Nne, tuwalinde watoto. Rangi za mafuta za zamani, hasa za milango na madirisha, huenda zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Fundi asisugue kwa msasa mkavu, alowanishe kwanza. Watoto wasiwepo, na vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi. Tukinunua rangi mpya, tuchague iliyoandikwa kuwa haina risasi.

Mwisho ni malipo. Tunaandika mapatano, kisha tunalipa kwa mafungu matatu: kuanza, katikati na kumaliza. Lakini uaminifu hautakiwi kwa fundi peke yake. Fundi wetu wa pili alimaliza vizuri Jumamosi jioni, nasi tukataka kumwambia arudi Jumatatu kuchukua fungu la mwisho. Tukakumbuka Mambo ya Walawi 19:13 kuhusu ujira wa kibarua, tukaona haya. Naye alikuwa na watoto waliokuwa wakimngojea. Tulimlipa usiku ule ule, akaenda zake akishukuru. Tangu siku hiyo, tukimwita huja.